Breki za Gari la Mchumba Wako

Butiama, Julai 1973

Mke wangu Wankyo,

Najua wewe ni mjukuu, lakini talaka sijakupa. Bibi yako bado ananuna, nami bado mzuri kuliko huyo mchumba wako Jumanne.

Huyo alikuja kijijini kutuuzia gari lake kuukuu, tupelekee wagonjwa Musoma. Wazee wakalipigia makofi. Nikamwambia, "Huku hatununuagi ng'ombe wa kulima mpaka mwenyewe amfunge jembe tuone. Mpakie mama yako, ushuke naye mlima."

Jasho likamtoka. "Babu, breki zake mbovu tangu kiwandani. Wenye kiwanda waliyaita magari yote ya aina hii yarudi yatengenezwe bure. Hili sikulipeleka."

"Kwa hiyo mama yako hapana, sisi ndiyo?"

Tumemfukuza, arudi breki zikiwa nzima, na mama yake akiwa ndani.

Mahari yake sijairudisha, ng'ombe hawana kosa. Lakini uliniandikia kwamba Jumapili anakutembezaga na gari hilohilo. Usilipande tena. Muulize kwanza: yeye alimwonea mama yake huruma asimpakie, wewe je?

Mume wako wa kwanza, mwenye miguu miwili na breki zake,
Babu Enoka