Honi Penye Mashine ya Unga

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeshakunywa chai na goti halikusumbui sana. Mimi sijambo, nakula, nalala, na kazi ya kusambaza dawa kwenye zahanati inaendelea, ila madereva wa mji huu watanitoa roho.

Jumapili Mama alinipigia simu. Ameniambia tangu mwezi wa tatu hujagusa usukani, gari limefunikwa turubai, na wewe unashinda kibarazani huongei. Eti umesema umezeeka, umekuwa kero barabarani. Baba, chakula kilinishinda. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia tu.

Kero? Ungewaona wa huku! Taa haijageuka kijani, wa nyuma ameshalalia honi. Kwetu mtu akikuwashia taa anakwambia pita. Huku anakwambia nipishe nisije nikakugonga. Wiki yangu ya kwanza niliwashiwa, nikashukuru kwa adabu zote, nikaingia. Kidogo tu anisage, halafu akauliza ni nani aliyenifundisha kuendesha. Nikamjibu kwa kiburi kabisa kwamba ni baba yangu. Na kule milimani ninakopeleka dawa, indiketa ni pambo: mtu anaonyesha kulia tangu asubuhi, mchana anakata kushoto.

Kwetu kero ni salamu. Nakumbuka nilivyokuwa nakereka, nimevaa sare za shule, wewe umesimamisha gari katikati ya barabara, dirisha kwa dirisha na fundi cherehani, unamuuliza habari za mkewe, za mguu wake, za paa linalovuja. Magari ya nyuma yametulia tuli, wenyewe wanangoja zamu yao ya kusalimiwa. Nilichapwa kwa kuchelewa mara ngapi! Leo ningetoa chochote niketi tena kwenye kiti kile. Nina miaka sita huku, na hakuna dereva aliyewahi kuniuliza nimeamkaje.

Sasa Baba, kama umesimama, kaa. Mama anasema kilichokuumiza ni gari jeupe la vioo vyeusi, lililokupigia honi mfululizo penye mashine ya unga ulipokuwa ukimsalimia fundi, na dereva akapaza sauti kwamba mzee aliyechoka akae nyumbani kwake.

Dereva yule ni mimi.

Ofisi ilinituma, nikapita mjini kwetu bila kuwaambia, na haraka zangu za huku. Gari ulikuwa umelipaka rangi mpya, sikulijua. Sauti yangu nawe hukuijua, kwa kuwa hujawahi kunisikia nikikufokea. Nilipokuwa nakupita, kioo nimeshakifunga, ndipo nikauona uso wako, na mkono uliouinua kuomba radhi. Wewe, Baba, kuniomba radhi mimi! Nikakanyaga mafuta, nikaondoka kama mwizi. Nina aibu mpaka leo.

Hujazeeka, wala hukumkosea mtu. Aliyekosa ni mwanao. Nisamehe, na kama una la kunigombeza, nitalipokea lote. Nimepata likizo, nafika Alhamisi saa nane mchana kwa basi. Pale stendi sitapanda gari la mtu mwingine, hata akitaka kunibeba bure. Nitakaa kwenye benchi mpaka uje unichukue wewe mwenyewe, unaendesha.

Msalimie sana Mama. Haya hajayajua bado. Mwambie wewe, ukiona vyema.

Mwanao anayekungoja,
Kitinda Mimba