Chumba cha Hewa Ambacho Binti Yetu Hakuingizwa

Mwaka sasa umetimia, binti yetu, tangu ututoke, na maneno ya foleni ya bomba bado yanamzunguka mama yako kichwani: "Pale hospitali kuna pipa la kioo. Wanakufungia humo na hewa. Aliyeingia hutolewa amefunikwa shuka." Aliyesema alikuwa anajaza ndoo, hata hakugeuka. Mama yako alicheka na wenzake, lakini neno likamganda.

Wewe ulikuwa fundi makochi. Ulishika vimisumari kwa midomo huku ukigonga nyundo, na mteja akikuharakisha ulimjibu kwa mdomo huohuo: "Kaa kwanza, shangazi. Aah, samahani, kiti chenyewe ninacho mimi!" Chochote ulichokipapasa kwenye mikunjo ya kochi kuukuu, iwe hereni au kijigari cha mtoto, ulikirudisha kwa mwenyewe kimefutwa vumbi. Nyumbani ulimwachia mdogo wako kipande kikubwa cha nyama ukidai umeshiba. Hukuwa umeshiba, tulijua.

Msumari wenye kutu ulikuchoma mkononi. Tundu dogo tu. Siku ya pili ukasema, "Mama, maumivu haya si ya kidonda hiki." Mama yako akakukanda kwa maji moto, akakufunga kitambaa, akakuambia uache kudeka. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba hadi juu ya kiwiko, ngozi imegeuka zambarau, na homa inakutetemesha.

Madaktari wakakupasua, wakaondoa nyama iliyokufa, wakakutundikia dripu za dawa. Kisha daktari akamwita mama yako kando.

"Tunataka tumwingize pia kwenye chumba cha oksijeni. Hewa inasukumwa kwa nguvu mpaka ifike kwenye nyama iliyoikosa. Haichukui nafasi ya upasuaji wala dawa, inazisaidia. Muulize kama anakubali."

Ulikuwa macho. Mama yako alikuuliza utaweza kufungiwa humo, nawe ukatabasamu. "Mama, fremu bado nzima, kilichooza ni kitambaa tu. Wanipeleke."

Mama yako akatoka hadi kwenye korido, akasema, "Amekataa. Anaogopa kufungiwa."

Daktari alipokuja kukuuliza mwenyewe, homa ilikuwa imeshakunyang'anya kauli. Kesho yake ukaondoka.

Baadaye mama yako alirudi kwa daktari kukiri. "Sijui kama angepona, mama," daktari alisema. "Wengine hupona, wengine la. Ila jibu lilikuwa lake." Nje, kwenye benchi, mama yako alikaa na dereva mmoja aliyewahi kuingizwa kwenye chumba kile cha oksijeni. "Masikio yaliziba kidogo," alisema, "nikasinzia." Mama yako alishindwa kumtazama usoni.

Baba yako aliambiwa mwezi uliopita. Hakugomba. Lakini hadi leo hajamuuliza tena mama yako asubuhi, "Umelalaje?"

Hatutakusahau kamwe: baba yako, mdogo wako, shangazi yako, mafundi wenzako wa karakana, na mama yako, ambaye hastahili kutajwa pamoja na wengine lakini anakuomba radhi mbele ya wote.

Na wewe mzazi unayesoma:

Usikande kwa maji moto kidonda kidogo chenye maumivu makubwa. Kipeleke hospitali.

Usingoje kesho ukiona uvimbe unapanda, ngozi inabadilika rangi na homa imeingia.

Usimwambie mgonjwa anadeka.

Usichukue habari za hospitali bombani. Muulize daktari, hata mara kumi.

Usiseme "amekataa" wakati aliyekataa ni wewe.