Viti Vyeupe vya Mama Falonne

Kolwezi, 9 Februari 2023

Mwanangu Falonne,

Jambo sana. Huko Johannesburg unaamkaje, mafua yamekwisha? Sisi tunapumua. Tata, baba yako, anakohoa, lakini anakula.

Ukurasa wa Facebook uliotufungulia wa viti vyetu vya kukodisha unafanya kazi. Watu wa Manika wamekodi viti vyote kwa harusi, na turubai juu yake. Asante, mama.

Lakini Antoine, mtoto wa jirani yetu Mushiya, amekufa. Mvua imebomoa shimo alimokuwa anachimba madini hapa mtaani Kasulo, likamfunika. Mlikula sahani moja, najua utalia. Desturi yangu unaijua: kwenye kilio siombwi viti wala siulizi bei. Nalia kwanza, viti vinanifuata nyuma. Nakutumia picha ya Mushiya mbele ya jeneza, ili nawe uwe umefika.

Mama yako, Mado

Johannesburg, 11 Februari

Mama mpendwa,

Jambo Mama, jambo Tata. Antoine nimemlilia kazini mpaka bosi akanirudisha nyumbani.

Mama, ile picha ni nzuri ajabu! Viti vyeupe, vimepangwa sawasawa, watu wamejaa. Ukurasa ukikaa bila kitu kipya watu wanausahau, kwa hiyo nimeiweka pale na maneno haya: “Wakati wa machozi, usisimame. Viti vya Mama Falonne viko tayari.” Imependwa kuliko picha zote za harusi. Kaa karibu na simu, wateja watapiga.

Binti yako, Falonne

Kolwezi, 20 Februari

Falonne,

U mzima? Mimi mwili ni mzima, roho hapana.

Simu ilipigwa kweli. Alikuwa Josée, dada wa marehemu, analia. Halafu Mushiya alikuja mwenyewe, akakataa kuingia ndani. “Mama Falonne, mi nilikuwa nalia mutoto yangu, wewe unauzisha viti na machozi yangu?” Tata yako alitoka kumbembeleza, akakuta ameshaondoka.

Nilikutumia kilio, wewe umefanya tangazo. Nina hasira nawe na nina aibu. Iondoe hiyo picha. Kisha mpigie Mushiya, asikie sauti yako. Usimwandikie.

Mama yako

Johannesburg, 3 Machi

Mama,

Jambo. Tata amepata dawa?

Picha nimeiondoa. Matusi ya watu nimeyafuta, na Josée nimemzuia asiandike tena kwenye ukurasa wetu, maana anafukuza wateja. Usiogope, watu wa mtandaoni wanasahau upesi. Sasa nimeweka picha safi za harusi nilizookota huko huko mtandaoni, viti vya dhahabu vyenye utepe. Mama Mushiya nitampigia nikipata maneno.

Binti yako

Kolwezi, 18 Juni

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Hapa ni baridi na vumbi, na kifua cha Tata yako kimezidi kubana.

Ilikuja familia moja kukodi viti vya dhahabu. Nikawaonyesha vyeupe vyangu, sina vingine. Mama wa bibi harusi akaniita mwongo mbele ya dereva wa pikipiki ya taxi-moto. Tangu hapo hajaja mtu. Josée ulipomfunga mdomo kwetu, alienda kusema kwingine, na mtaa mzima ukasoma. Picha uliyoifuta bado iko kwenye simu za watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Buibui wamejenga kwenye miguu ya viti. Umempigia Mushiya? Tukikutana sokoni ananipa “jambo” moja, anapita.

Mama yako

Johannesburg, 1 Julai

Mama,

Jambo. Jana nilishika simu nikaona haya. Atanitukana, na atakuwa na haki. Wiki hii nitampigia. Mwambie Tata nampenda.

Binti yako

Kolwezi, 4 Septemba

Mwanangu Falonne,

Jambo, na pole yetu sote. Kwenye simu ulilia mpaka nikashindwa kukueleza, na bila makaratasi usingeweza kuvuka mpaka kuja. Nakusimulia sasa, ili nawe uwe umefika. Picha situmi.

Siku ya kumzika Tata yako niliosha viti vyote, nikavipanga kiwanjani. Nilijiambia hatakuja mtu. Falonne, walikuja. Kasulo nzima ilikuja. Lakini kila mmoja alikuja na cha kwake: kigoda, mkeka, benchi, ndoo ya kugeuza. Wakakaa pembeni, kando ya ukuta. Viti vyangu vikabaki katikati, vyeupe, vitupu, nami nimekaa pale peke yangu.

Mushiya alifika wa mwisho na kigoda chake cha jikoni. Akakiweka karibu nami, akanishika mkono, tukamlilia Tata yako pamoja. Nikamwonyesha kiti. Akasema polepole, “Kulia, tutalia wote, Mama Falonne. Kuikala pale, hapana.”

Alipoinuka kwenda aliniuliza kama unakula vizuri huko. Nikasema unakula. Akasimama kidogo na kigoda chake mkononi, akingoja neno lingine kutoka kwako. Mpaka leo hujampigia.

Namba yake ni ile ile.

Mama yako, Mado