Mchezo wa Lado na Kiwanja cha Mama

Jumatatu, 18 Novemba 2013
Boza la maji limepita. Maji machafu kama kawaida. Nimechemsha. Nimemaliza makala ya kuwasema wabunge; mhariri ataing'oa meno kabla ya kuichapa, mwoga yule.

Kisha akaja Lado, mdogo wangu, simu mkononi, macho kama ya mlokole mpya. Anataka tuuze kiwanja cha Lemon Gaba, pembezoni mwa Juba, alichotuachia mama. Kisa, mchezo wa simu. Wa kupiga penalti. Ametengeneza kipande, anataka fedha za kuukamilisha. Bila sahihi yangu kiwanja hakiuziki, ndiyo maana leo nimekuwa "dada mpendwa". Nimemwambia athibitishe kwanza kwamba kuna binadamu anayeutaka.

Jumatano, 20 Novemba
Amethibitisha, eti. Alikwenda soko la Jebel, akawanunulia wanaume chai, akawaonyesha mchezo. Wote wakasema kweis, mzuri, kweis sana. Mpumbavu. Katika mji huu anayekununulia chai unamsifia hata punda wake aliyekufa. Nairobi walimfundisha kompyuta, hawakumfundisha watu. Mbinu hiyo kapewa na mtaalamu fulani wa ubunifu anayelala hotelini kando ya mto na kulipwa kutuambia kwamba vijana ni rasilimali. Nchi haina visima, ina wataalamu wa ubunifu.

Jumamosi, 23 Novemba
Nimeweka masharti yangu. Hakuna chai. Asiseme mchezo ni wake. Amwachie mtu simu, aondoke, tuone nani atarudi kuutafuta.

"Dada, wewe hujapenda kitu chochote kilichotengenezwa baada ya taipureta."

Kweli. Vingi ni takataka.

Mahali nimechagua mimi: kibanda cha Okello, Mganda anayechaji simu za watu kwa jenereta pale Jebel. Hakuna mtu Juba atakayemaliza chaji aliyoilipia kwa kupiga mpira wa uongo. Hilo Lado hakuliwaza kabisa. Lakini kwa Okello simu ya Lado inakaa kwenye waya, na watu wanangoja simu zao bila kazi. Okello alikubali. "Ila watu ikipigana, Mama, mimi nazima moto ya jenereta."

Ijumaa, 29 Novemba
Wanarudi. Wengine hawana hata simu ya kuchaji. Wanaume wenye wake na mvi wanasukumana wapate zamu, na anayekosa goli anazomewa na kibanda kizima. Nikapiga penalti moja. Ikapaa. Mwenye bodaboda mmoja akasema, "Mama, rudi kwa magazeti yako." Nilicheka mpaka nikajichukia. Lado ananitazama kama mtu aliyekwisha kununua gari. Nimemwambia mambo yakiendelea hivi, nitatia sahihi kabla ya Krismasi.

Jumanne, 3 Desemba
Nimekaa kibandani mchana kutwa. Sikucheka.

Kabla ya kuanza, mchezaji huandika jina la timu yake. Mwanzoni waliandika vilabu vya Uingereza. Mmoja aliandika jina la mama mkwe wake. Sasa wanaandika makabila. Kabila kwa kabila, na wanaongoja wamejipanga pande mbili nyuma ya wachezaji. Hicho ndicho kinachowarudisha. Juzi tu, bendera ya uhuru ilipopanda, wanaume hawa hawa walikumbatiana wakilia. Wakubwa wanatukanana mikutanoni, wadogo wanamalizia kwenye simu ya ndugu yangu. Sijui niwadharau wepi kwanza.

Jumatano, 11 Desemba
Nilimwambia Lado aondoe majina. Ziwe timu nyekundu na buluu, basi. Akaondoa. Kibanda kikabaki na Okello peke yake. Akayarudisha, wakarudi.

"Hao ndio wateja, dada. Chuki sikuwafundisha mimi."

Hoja ya muuza sumu. Tuliuliza kama watu wanautaka mchezo. Wanautaka. Mtu hutaka pia kukuna kidonda.

Jana aliyefungwa alimpiga mwenzake chupa. Okello akazima jenereta, akaturudishia simu.

Sitii sahihi. Nimemwambia Lado hivyo nikimtazama machoni. Kaniita mwanamke mchungu asiyejenga kitu, anayebomoa vya wenzake kwa kalamu. Kasema mama angempa. Angempa, kweli. Alimdekeza. Kaondoka bila kuaga. Aende.

Jumatatu, 16 Desemba
Risasi tangu jana, askari wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Sasa mizinga. Lado alirudi kwa kuruka ukuta, mkono umechanika. Nimeufunga kwa kanga. Tumelala sakafuni. Redio inasema hali imedhibitiwa. Waongo wakubwa. Huko nje askari wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu kabila lao. Wanaokosea jibu hawarudi ndani.

Jumanne, 17 Desemba
Unga kidogo. Lado kapika. Sijaandika makala. Ya kusomwa na nani?

Jumamosi, 21 Desemba
Kimya kimerudi, sikiamini. Tulikwenda Lemon Gaba kwa miguu kutazama kiwanja. Kuna watu. Mama mmoja na watoto wake, turubai limefungwa kwenye mti wa mwarobaini, sufuria moja, godoro moja. Alisimama alipotuona. Aliuliza kama mahali hapa ni petu.

Nikasema ni petu.

Akaanza kukunja turubai. Lado alifungua kinywa, na nilijua swali linalokuja, maana wiki hii Juba nzima inauliza hilo moja, la kabila.

Akauliza kama wana maji.

Hawakuwa nayo. Lado amekwenda kuyatafuta. Mimi nimekaa hapa nimeshika upande mmoja wa turubai, mama yule anaufunga upya.