Kustaafu kwa Ndoo ya Bluu

Msasani Kijijini,
Dar es Salaam.
19 Septemba, 2024.

Mpendwa Ami Mudathir,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, naomba nikutangazie kwamba ile ndoo ya bluu iliyokuwa ikikinga mvua katikati ya chumba cha Shangazi Mwamvita, kwa miaka sita bila likizo wala posho, imestaafu rasmi. Sherehe ya kuiaga ilikuwa fupi. Niliichukua nikaipeleka uani.

Baada ya tangazo hilo, sasa salamu. Mgongo unaendeleaje? Na joto la Maskati limepungua, au bado mnaishi kama mikate ndani ya tanuri? Huku sote wazima, alhamdulillahi, ukiondoa goti langu la kulia, ambalo lina maoni yake kuhusu ngazi.

Nimeshika kalamu hasa kukushukuru. Unakumbuka mwezi wa nne, mvua ilipozidi, Raudha akamchukua mama yake na kumhamishia kwake Ukonga. Shangazi aliondoka na kanga zake na kiapo: harudi chini ya lile bati bovu, na akirudi iwe chini ya makuti, kama alivyoezeka baba yenu. Ana miaka themanini na mbili, Ami. Kila nikimpigia simu anauliza neno moja, "Mmeanza?" Na mie kila mara najibu kwamba tunapanga. Siku moja akaniambia, "Pangeni taratibu, mwanangu. Mkimaliza mje mnifukue mnioneshe."

Kusema kweli, mpango wangu ulikuwa bati jipya. Nilishachagua hata rangi, damu ya mzee. Ndipo ikaingia ile picha yako kwenye simu: Babu Nassibu amesimama barazani na kanzu yake, na paa la makuti limeshuka hadi karibu liguse kofia. Nikaitazama picha, nikaitazama nyumba, nikaona aibu. Kisha ukafika mchango wako, na aibu ikapata vifaa.

Tulipoteremsha bati tukakuta kazi ya Babu. Makombamoyo, ile miti mirefu inayobeba paa, ni mikoko yake mwenyewe, myeusi kwa moshi, migumu kama chuma, mingine bado imefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Tumebadilisha miwili tu. Marehemu baba alipoweka bati, mwaka ule wa sabini na kitu, aliligongomea juu kwa juu bila kuondoa mti hata mmoja. Labda adabu, labda uvivu. Namshukuru kwa vyote viwili.

Fundi tulimpata Augustine, mtu wa Masasi, mpole, ambaye kwa miaka kumi ameezeka mahoteli ya ufukweni. Hapo ndipo tulipopotea, ila hatukujua. Siku hizi hapa mjini makuti ni kitu cha hoteli na baa. Tangu mzigo ushuke mlangoni kutoka Mkuranga, wapita njia walikuwa wanatuuliza tunafungua lini, na jirani yetu Ferdinand aliomba kabisa atunziwe meza ya pembeni.

Upande wa mbele ulipokwisha, Raudha akamleta mama yake aone. Nilimwekea kiti mbele ya nyumba nikasimama pembeni kusubiri sifa. Alitazama juu kwa muda mrefu, mpaka kofia ya Augustine ikaanza kumwasha. Akamwita ashuke.

"Baba, kati ya kuti na kuti umeacha kiasi gani?"

"Shibiri, bibi. Ndiyo kipimo chetu cha hotelini."

"Na mvua ikinyesha huko hotelini?"

"Huko chini ya makuti kunakuwa na bati, bibi. Makuti ni urembo."

Ami, hapo nilitamani nigeuke kuku. Bati letu lilishachukuliwa na watu wa vyuma chakavu tangu wiki ya kwanza.

"Basi hapa hakuna bati," akasema Shangazi. "Hapa kuna mie. Vidole vinne, baba. Fumua."

Augustine alifumua upande mzima. Hakununa. Alivua kofia akamwambia ahsante, kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyemfundisha kuezeka nyumba ya mtu kulala. Mafundi wa namna hiyo, ukimpata mmoja, unatakiwa umfungie ndani.

Vidole vinne maana yake ni makuti mengi kuliko tuliyokuwa nayo, na Mkuranga walishaishiwa. Nikadhani safari imeishia hapo, bibi anarudi Ukonga. Wapi! Aliagiza majani ya mnazi, akayaloweka, akaita wanawake wa mtaa barazani, na usiku akawa analala kwa Flaviana, mke wa Ferdinand. Siku kumi wamefuma, na waliyosemana pale siwezi kuyaandika kwenye barua itakayosomwa na watoto. Flaviana, mzaliwa wa Songea, ambaye kuti alikuwa hajawahi kulishika, kufikia siku ya tatu alikuwa anamkosoa Raudha. Mie nami nilifuma matatu. Shangazi akayageuza, akayakagua, akasema yanafaa sana. Akayaezekea banda la kuku.

Kuti la mwisho la pale juu, kwa desturi yetu, hutolewa na mkono wa mkubwa wa nyumba. Tulitaka alipitishe kwa fimbo. Alikataa. Alipanda ngazi vipandio vitatu, Augustine akimvuta kutoka juu na mie nikimsukuma kutoka chini, mahali ambapo adabu hainiruhusu kupataja. Raudha alikuwa amefumba macho. Shangazi akatoa kuti, akamsomea baba yake Fatiha palepale ngazini, kisha akavuta pumzi ndefu. "Twalib," akasema, "kunanukia kama wakati wa baba."

Ijumaa iliyopita amelala kitandani kwake. Asubuhi nilimkuta bado amelala, jua limeshapanda, chumba kina baridi ya kisima. Miezi mitano nilikuwa naogopa kwamba huyu mama atatufia ugenini kwa sababu ya mipango yangu. Nilisimama mlangoni kidogo, nikakuombea. Ungekaa kimya na picha yako, leo tungekuwa na paa la damu ya mzee na chumba kitupu.

Nisalimie Mama Abdulrahman na wanao wote. Raudha, Flaviana na Ferdinand wanakusalimu. Ferdinand bado anadai meza yake. Shangazi anasema uje ulione paa kabla halijazeeka, na uje na halua. Mola akulinde ugenini, akunyooshe huo mgongo, akurudishe nyumbani kwa miguu yako mwenyewe.

Wako mwanao, anayekupenda na kukushukuru,

Twalib

Nilikuwa nimeshaikunja barua. Asubuhi hii nimeikuta ndoo ya bluu chumbani kwa Shangazi, mahali pake palepale; kairudisha mwenyewe. Tangu tumalize paa, mvua haijanyesha.