Kimya Ulichonitafutia

Mpendwa Mama,

Ajenti anataka jibu lako Jumamosi, nawe unataka langu kabla ya hapo. Nikija, utatia sahihi mkataba wa ile nyumba ya vyumba viwili kule mashambani Uholanzi. Nisipokuja, nitabaki hapa Turffontein, Johannesburg, kwa Mama Furaha, msusi wako, hadi nimalize sekondari, nawe utajitafutia chumba kimoja karibu na ofisi yako huko. Tumeongea habari hii kwenye simu wiki nzima, na kila ukiniuliza nimekujibu neno moja tu: sawa. Sawa yangu unaijua. Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa nataka kukata simu. Kwa hiyo naandika. Nilianza nikiwa nimekaa, nikasimama, nikaenda hadi kwenye taa za barabarani, roboti wanavyoziita hapa, nikazitazama zikibadilika, nikarudi. Sasa naandika nimeegemea friji, maana kila kiti cha nyumba hii kinaniwasha.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kutazama nyumba za kupanga? Watu wengine hufungua mabomba ya maji, hukagua soketi, huuliza maji hukatika mara ngapi. Wewe ulinipeleka moja kwa moja chumba cha kulala ukanisimamisha katikati.

"Funga macho, mami. Unasikia nini?"

Nami nilikutajia. Choo cha jirani. Lori. Mtu anakohoa. Redio ya mhubiri. Ukisikia mhubiri ulikuwa unachukua mkoba wako hapo hapo. Kuna ajenti mmoja kule Donholm, Nairobi, alishindwa kuvumilia, akasema, "Madam, unatafuta nyumba ama studio ya kurekodi?" Ukamwambia, "Natafuta mahali mtoto wangu atapumua. Wewe ngoja hapo nje." Nilicheka macho yakiwa yamefungwa, na nikajiona mtu muhimu sana duniani.

Najua yalianzia wapi. Ni yule mwalimu wa darasa la pili aliyekuita akakwambia sisemi darasani, kwamba labda nyumbani kuna kelele nyingi na mtoto hapati utulivu. Wakati huo tulikaa Umoja, juu ya kinu cha kusaga unga, ukutani kwetu kinyozi na muziki wake. Uliyachukua maneno ya mwalimu kama dawa ya daktari. Tangu siku hiyo tumekuwa tukihama kuelekea kimya. Umoja hadi Donholm. Donholm hadi Johannesburg, Rosettenville kwanza, juu ya duka la matairi. Halafu benki ikakupandisha cheo, tukaenda Sandton, kwenye zile nyumba za geti linalofunguka kwa kidole, ambako hata mbwa walibweka kama walioomba ruhusa kwanza. Ulikuwa na furaha. Ulisema, "Sasa hapa utachanua."

Mama, sikuchanua. Shule zilinifundisha lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, na katika zote mbili nilijifunza kunyamaza vizuri tu. Pale Sandton nilikuwa nikifungua pakiti ya krispi polepole ili wewe usiisikie chumbani kwako. Nilikuwa nikisubiri uwashe mashine ya kufua nguo ndipo nijizoeze kusema yale ambayo ningekwambia wakati wa chakula. Kisha mashine ilikwisha, tukakaa mezani, ukaniuliza habari za shule, nikasema sawa.

Kisha benki ikakuhamishia Uholanzi, nami nikabaki kwa Mama Furaha, na hivi majuzi ukanionyesha hiyo nyumba kwa vidio. Ulikuwa umevaa lile koti jipya refu, unatembea na simu, unapumua kwa nguvu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Ukanionyesha mfereji wa maji, kondoo, na nyumba chache zilizokaa mbalimbali kama watu waliogombana. Basi linapita mara moja kwa saa. Ulipoingia ndani nikaona saruji tupu chini.

"Sakafu iko wapi?" nikauliza.

"Aliyehama ameing'oa ameenda nayo! Huku mpangaji anakuja na sakafu yake, mami, kama sisi tunavyohama na mapazia. Na mapazia, wenyeji hawayafungi. Ona."

Ukageuza simu dirishani. Ng'ambo ya bustani, mzee na mkewe walikuwa wanakula supu, wanaonekana mpaka vijiko. Wakakupungia mkono, nawe ukawapungia. Halafu ukapanda ngazi hadi chumba ambacho kingekuwa changu, ukasimama katikati, ukanyamaza.

"Unasikia nini?"

Nilisikiliza. Nilisikiliza sana, naapa, nikitafuta hata ndege.

"Sisikii kitu."

"Tumeipata!" Ulipiga kelele hadi simu ikakwaruza. "Mami, tumeipata!" Na nikakuona ukifuta machozi kwa mkono wa koti. Ndiyo maana nilisema sawa. Nani angesema kingine?

Lakini tangu siku hiyo sijatulia. Darasani mguu wangu unacheza chini ya dawati mpaka jirani yangu ananikanyaga. Sasa nitakwambia jambo ambalo hata mimi nimelijua mwaka huu tu. Kelele haikuninyamazisha mimi. Kelele ndiyo iliyonificha. Pale Umoja kinu kilipokuwa kinanguruma, nilikuwa nakupandia mgongoni nakuwekea mdomo sikioni na kukueleza kila kitu: nani amepigana na nani, nani ameibiwa penseli, kwa nini mwezi unatufuata. Wewe unapika huku unauliza, "Ati nini? Sema tena!" nami nasema tena kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyetusikia. Kinu kikizimwa, nami nazimika. Mwalimu alinikuta nimezimika, na wewe ukaenda kunitafutia mahali pasipo na kinu.

Unapompigia Mama Furaha unamwomba radhi kwa kuniacha kwake, na mimi unaniambia nivumilie kidogo. Unafikiri nateseka. Umewahi kusukwa hapa Jumamosi, unajua palivyo: saluni gerejini, mashine za kukausha nywele zikinguruma kama ndege za uwanja wa Lanseria, watoto wake watatu, wateja wanaogombea zamu kwa Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa na Kizulu, na umeme ukikatika jenereta inachukua nafasi. Mwezi uliopita nilikuwa namsaidia kugawa nywele za mteja mmoja, mama mtu mzima mwenye mzaha, akasema wasichana wa Nairobi hawajui kusuka, wanajua kupiga picha tu. Nikamjibu. Sijui ilitoka wapi. Nikamwambia, "Mama, wewe tulia, la sivyo nitakusuka mstari uende mpaka Nairobi ukauone." Gereji nzima ikacheka. Mama Furaha aliacha kitana kwenye kichwa cha mtu.

"Eish! Kumbe uyu mutoto iko na mudomo!"

Na mtoto wake Gracia, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, na hana adabu hata kidogo, akasema, "Yaya, leo umetumia maneno yote. Kesho utasema na nini?"

Nilicheka, Mama. Kisha nikaenda chooni nikalia, kwa sababu mtu niliyetaka anisikie nikisema vile hakuwepo.

Basi hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Ningeweza kubaki. Hapa nasema. Mama Furaha amesema godoro ni langu mpaka nilichoke. Lakini kila ukipiga simu kutoka kile chumba ulichopewa na benki, nasikiliza nyuma yako, kwa yale mazoea uliyonipa, na nyuma yako hamna mtu. Zamani ulikuwa na haraka ya kukata simu. Siku hizi tunaagana, halafu unanieleza bei ya nyanya, tunaagana tena, unanieleza jinsi ya kupanga takataka kwa rangi za mapipa. Ulipoanza kuniuliza kama mvua imenyesha Johannesburg, ilhali najua unaiona kwenye simu yako, nikajua kimya hicho hakikufai wewe pia. Ukikipanga kwa jina langu tutakaa humo wawili, kila mmoja akidhani anamfurahisha mwenzake, na mzee wa supu akituona dirishani tunasema sawa.

Kuna ile nyumba nyingine uliyonionyesha kwa dharau. Ile ya mjini, juu ya fundi wa baiskeli, ngazi zimesimama kama za kupandia dari, chumba kimoja cha kulala. Ulinionyesha dakika moja tu ukiwa mlangoni. Tramu ilipita ikipiga kengele, fundi akawa anagonga chuma, mtu akamwita mwenziwe kutoka upande wa pili wa barabara, ukacheka ukasema, "Hapa hata popo hawezi kulala," ukafunga mlango. Mimi huku moyo wangu ulikuwa umeruka. Sikusema, kwa sababu sisemi.

Nasema sasa. Ukiitaka ile ya mashambani kwa ajili yako mwenyewe, kwa kondoo wake na sukuma wiki utakazopanda, niambie hivyo wazi na nitakuja nijaribu. Lakini kama ni kwa ajili yangu, usiichukue. Mwambie ajenti ampe mtu mwingine, wapo wanaoiota. Mpigie mwenye ile ya juu ya fundi leo hii, kabla haijaenda. Tutalala chumba kimoja, wewe upande wa ukuta, mimi upande wa dirisha.

Nakuja, Mama. Ila siji kunyamaza.

Nakukumbatia kwa nguvu,
Binti yako wa pekee