Kioo cha Ndege Tulichokiacha Bila Kukifunga

Mume wangu,

Uhamisho umetoka. Ndiyo, ule ule tulioomba ili nikufuate Kibondo, ambao kila nilipouulizia niliambiwa nivute subira. Umetoka sasa, mwaka 2015, karibu mwaka mzima tangu tukupeleke kwenu Singida kukuzika. Barua inasema sababu ni kumfuata mume. Niliisoma nimesimama koridoni, nikacheka kwa sauti, na wenzangu wa zamu wakanipigia vigelegele wakidhani nimefurahi. Wageni hao, wamehamia juzi Kasulu, hawajui. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza.

Basi nafungasha. Vyombo vimeingia kwenye maboksi, godoro limefungwa kamba, na sebule imebaki na meza moja tu. Juu ya meza kuna ndege yako ya rimoti, na pembeni yake kile kioo chake cha plastiki, kile cha kumfunika rubani, ambacho mpaka leo hakijafungwa. Ndege haiwezi kusafiri wazi hivyo. Vumbi la njia ya Kibondo litaijaa mpaka kwenye nyaya. Lakini tulikubaliana, mimi na wewe, kwamba kioo hicho tutakifunga siku uhamisho utakapotoka. Nimekaa nacho tangu Jumatatu. Nikikifunga, Mwalimu, hakuna kazi nyingine yetu iliyobaki, na hicho ndicho kinachonishinda.

Unakumbuka ilivyoingia nyumbani? Mwaka 2012, kambi za wakimbizi zilipokuwa zinafungwa na wageni wa mashirika wanaondoka, mmoja wao uliyekuwa unacheza naye mpira alikuachia boksi. Mimi nilikuwa nimekuagiza asali ya Kibondo. Ijumaa jioni ukashuka kwenye basi, mwekundu kwa vumbi hata kope, umepakata boksi, asali hakuna. Konda alikuwa bado anakutania dirishani: "Mwalimu, si uiwashe tu ikulete yenyewe! Umetubania siti bure." Nilinuna mpaka ulipoitoa na kuunganisha mbawa juu ya kitanda. Baada ya hapo sikuweza kununa tena, ingawa nilijitahidi.

Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kioo. Kilichokuja nayo kilikuwa kimepondeka vipande. Mimi nilisema ikae hivyo hivyo, nani ataona? Ukanitazama kama mwanafunzi aliyekosa jibu jepesi. "Nesi, rubani atapigwa na upepo." Rubani mwenyewe alikuwa wa mti, kichwa na mabega tu, na skafu ya kitenge ulichokikata kwenye gauni langu bila kuniuliza. Ukamhurumia yeye, mimi mwenye gauni hukunihurumia.

Ndipo mzee Salvatori alipoingia katika maisha yetu, seremala wa pale sokoni Kibondo, aliyevuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake na sasa ni raia mwenye shamba la mihogo. Ulimwomba akuchongee umbo la kioo kwa mninga ili tulifinyangie plastiki juu yake. Ulivyonisimulia, alipomaliza aliligeuza geuza mkononi akauliza, "Ni mguu wa nani huu, mwalimu? Mbona hauna vidole?" Ukamwambia ni kichwa cha ndege. "Ego, ndiyo," akasema, "basi ndege yako ina kichwa kizuri kuliko cha shemeji yangu." Nilicheka siku nzima wodini kwa maneno hayo.

Halafu zikaja wikiendi zetu za chupa. Wenzetu walikuwa wanatoka kwenda harusini, sisi tumeinamia jiko la mkaa. Unakata chupa kubwa ya maji juu na chini, unaivalisha kwenye ule mti, mimi nashika koleo na kugeuza juu ya moto. "Geuza, Nesi, geuza, usikae sehemu moja!" Plastiki inajikunja polepole mpaka inaukumbatia mti, inakuwa na umbo lake. Tuliunguza chupa nyingi. Nyumba ikanuka, majirani wakauliza kama tunachoma viatu. Ile iliyokubali ulinipa mimi nikate kwa mkasi wangu wa kucha, ukisema mkono wangu umezoea kazi ndogo ndogo. Ulikuwa unanisimamia kwa karibu mno, pumzi yako shingoni, na mimi nilikuwa nakata taratibu makusudi.

Kilichotuangusha ni Jumapili. Basi lako lilikuwa linaondoka saa sita, na gundi nyeupe ya maseremala inataka usiku mzima kukauka. Usiku mzima hatukuwa nao. Watu wanaoishi wilaya moja wangengoja. Sisi tulichukua supa gluu, ile ya kila kitu, viatu, ndoo, miwani, tukabandika kioo haraka haraka, ukakimbilia stendi na mfuko begani. Jioni nilikwenda kukiangalia. Kilikuwa kimeingia ukungu mweupe kote, rubani haonekani. Sikujua kwamba mvuke wa gundi ile huchafua plastiki namna hiyo. Nilikupigia simu nikasema, "Mwalimu, rubani wako amepata mtoto wa jicho." Ukacheka mpaka salio likaisha.

Kioo cha pili kilitoka kizuri kuliko cha kwanza. Ulikipiga msasa kidogo kingo zake ili gundi ipate pa kushika, ukakijaribu mahali pake kikakaa sawasawa, na nikadhani sasa utapaka. Ukakiweka kando. "Hiki hatukikimbizi," ulisema. "Siku uhamisho wako ukitoka, tutapaka gundi nyeupe jioni, tutalala, tutaamka tukione." Nilipenda ulivyosema tutalala, tutaamka. Watu wengine hiyo ndiyo ndoa yao ya kila siku na hawaijui thamani yake. Sisi tulikuwa tunaipata kwa vipande, Ijumaa hadi Jumapili, na mara nyingine basi likikwama kwenye tope hata hiyo Ijumaa tunaikosa.

Ilibidi iruke bila kioo. Ile likizo niliyokuja kwako Kibondo, uwanja wa shule, asubuhi ya baridi, ukungu bado umelala bondeni. Uliirusha. Ikapanda juu ya mikaratusi, ikageuka upande wa magharibi, ikazidi kwenda. Mzee Salvatori akashika kichwa. "Mana yanje, Mungu wangu! Mwalimu, irudishe! Irudishe kabla haijavuka mpaka, haina karatasi!" Watu walianguka kwa kicheko, na yeye ndiye aliyecheka zaidi. Ulipoitua nilikumbatia shati lako mbele ya wazazi wa wanafunzi. Ulinong'ona, "Nesi, watu," lakini hukuniondoa.

Nakwambia haya kwa sababu siwezi kukumbuka mwisho wako. Sikuwepo. Homa ilikushika katikati ya wiki, nami nilikuwa zamu. Uliniambia kwenye simu ni malaria tu, nisihangaike, utakuja Ijumaa kama kawaida. Mimi nesi, nimeshika mikono ya waume za watu wangapi wasiolala usingizi, na aliyekushika wewe alikuwa nesi mwingine, wa hospitali ya Kibondo. Aliniambia alikupangusa uso, na kwamba ulikuwa ukimwita Nesi kwa namna ambayo alijua humwiti yeye. Namshukuru. Namwonea wivu pia, Mungu anisamehe, na Jumatatu ijayo nitafanya naye kazi wodi moja.

Nimekukumbuka mno. Si siku za kulia tu. Nakukumbuka nikichemsha maji na kujikuta nimeweka vikombe viwili. Ijumaa basi la Kibondo likipiga honi pale kona, nainua kichwa, hata mgonjwa akiwa ananieleza tatizo lake. Watu wananiambia niombe uhamisho mwingine, nirudi kwetu Tanga, nifuate nini Kibondo? Hawajakosea. Lakini mimi nimeomba Kibondo miaka mitatu, nimeiota Kibondo, najua hata dirisha gani la chumba chako linapata jua la asubuhi. Nitakwenda nikaishi pale tulipopanga, hata kama ni kwa nusu.

Hapo juu niliweka kalamu chini nikaenda kukifunga kioo. Nimesharudi, nakueleza ilivyokuwa.

Ilikuwa saa tisa mchana, nimetoka zamu ya asubuhi. Nilipangusa vumbi ndani, nikamnyoosha rubani skafu yake. Nikapaka gundi nyeupe kingoni kwa kijiti cha pamba, nyembamba, kama nilivyokuona ukipaka kwenye mbawa. Nikakilaza kioo mahali pake. Mbele kikakaa, ubavuni nikakishikiza kwa plasta ya hospitali. Nyuma tu, pale kinapopinda kuelekea mkiani, kikawa kinanyanyuka, na plasta haikushika kwenye mpindo ule. Ikabidi nikibonyeze kwa kidole.

Nikabonyeza. Mvua ikaanza juu ya bati, jirani akatoka mbio kuanua nguo, chai yangu ikapoa pale dirishani. Nikaona gundi kingoni inaanza kupoteza weupe wake. Kazi hii ni ya watu wawili, Mwalimu. Mmoja anabonyeza, haoni kitu, na mwingine anainama pembeni anaangalia, anasema, imeshika, achia. Kidole kilikufa ganzi, nadhani gundi ilikuwa imeshika zamani, na mvua ilikwisha. Nikaendelea kubonyeza tu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia niachie.

Pumzika huko Singida, mpenzi wangu. Jumamosi nahamia kwako Kibondo.

Mkeo,
Nesi